Nani Kaitoa Siri ya Mwanangu

Mtu akiniambia amekuja kunifundisha kujitambua, mimi kwanza naangalia mkoba wangu uko wapi. Ndivyo nilivyo na sijifichi. Nimeshona sare za shule miaka ishirini na sita, na nikimtazama tu mtoto pale mlangoni najua kwamba sketi ya huyu iachiwe pindo la vidole vinne, maana atarefuka kabla muhula haujaisha. Kwa hiyo mtu anayejua kazi yake ninamjua. Yule kijana tuliyeletewa kanisani, aliyejiita Kocha wa Nafsi, anavaa viatu vyeupe bila soksi, kazi yake sikuijua hata kidogo.

Alianza na karatasi za maswali. Unajibu maswali thelathini, kisha unaambiwa nafsi yako ni ya rangi gani. Mimi niliambiwa ni Njano: mtu wa watu, mwenye joto, asiyeweza kukaa na jambo. Nikasema mbele ya wote kwamba rangi ninayo tayari, ni hii niliyozaliwa nayo, wala sikuomba nyingine. Watu wakacheka. Kocha naye akacheka, halafu akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mtu unamtania, anacheka, halafu anaandika. Anaandika nini?

Basi kanisa zima likashikwa na maneno. Kila mtu akawa na mipaka. Ukimwomba dada wa kwaya akusaidie kupanga viti, anakwambia leo analinda mipaka yake. Jirani aliyekuzoea ukimsema kidogo anakuita mtu sumu. Tukaambiwa tumlee mtoto aliye ndani yetu, nami niliyelea watoto watatu walio nje sikuelewa huyu wa ndani anakula nini. Zamani tuliungama dhambi, ukatubu, ukaenda zako kupika. Siku hizi watu wanaungama hisia, na hisia haina mwisho. Niliyasema haya kwa Mchungaji, akaniambia nimpe kijana nafasi, vijana wanarudi kanisani kwa sababu yake. Nikanyamaza, lakini moyoni sikunyamaza.

Aliyelipenda darasa lile kuliko wote ni mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu. Hao wawili nilikuwa nakaa nao. Chumba cha mbele ndicho duka langu la kushonea, kuna cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi. Nyuma kuna vyumba vyao na changu. Mwanangu ni fundi wa lifti kwenye majengo marefu, mkewe anapokea simu na wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Ni binti mtulivu. Anaongea kidogo, na akiongea anakuangalia usoni. Kila jioni alikuwa anaandika kwenye daftari la Kocha, daftari lenye jalada la kijani, na Jumamosi wanadarasa wanapeleka madaftari yote kwa Kocha, Jumatano yanarudi yakiwa yamebandikwa nyota. Nyota, watu wazima!

Sasa nirudi nyuma kidogo. Siku moja mkwe alikuwa ananisaidia kushona vifungo vya mashati ya watoto wa chekechea. Nikashika shati moja dogo, nikalikung'uta mbele ya macho yake, nikasema hili lingemfaa nani humu ndani, mbona nyumba kimya. Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na mwaka mzima nikimpiga vijembe vya namna hiyo na kujiambia ni utani. Akaweka sindano chini.

"Mama, shida si yangu," akasema. "Ni ya mwanao, na anatibiwa. Hajui kama nakwambia. Akijua nimesema, ataniacha."

Akanieleza yote. Kwamba kuna vidonge anavyomeza alfajiri, vinamtapisha, na anafungua bomba la maji ili mimi nisisikie. Kwamba siku ya majibu ya daktari alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia, mtu mzima na mkoba wake wa vifaa mapajani. Nilimkumbatia yule binti. Nikamwomba radhi kwa vijembe vyangu vyote. Nikaapa kwamba jambo hilo litafia palepale kwenye meza ya kukatia, nikajipiga kifuani, na nilipoapa nilimaanisha.

Haikupita wiki tatu.

Jumapili moja mwanangu alirudi kutoka ibadani amekunja uso. Mzee mmoja wa kupanga watu vitini alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia wasikate tamaa, Mungu anafanya kazi na madaktari nao wanafanya kazi. Yeye akadhani mzee amemfananisha. Kufika getini, mama mmoja ambaye hata jina hamjui akamsimulia habari za binamu yake aliyekuwa na tatizo hilohilo la wanaume, sasa ana mapacha. Mwanangu akasimulia hayo akiwa amesimama katikati ya sebule, funguo mkononi. Akamuuliza mkewe amemwambia nani.

Mkewe alinitazama mara moja, mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Nikajua ananiomba nisimchome, kwa hiyo nikafyata ulimi. Ningesema aliniambia mimi, si ningekuwa nimemmaliza? Nikaona nimefanya la busara.

Mwanangu akabeba mto na shuka, akahamia kwenye kochi. Siku ya pili akatuambia kampuni yao ilikuwa imempa nafasi ya kuhamia mji mwingine, naye alikuwa ameikataa, sasa ataikubali. Ataondoka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza ataondoka na nani. Akasema peke yake. Mkewe alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Zilibaki siku kumi na tisa.

Nitasema ukweli, siku hizo sikulala kwa hasira. Kuna mtu alikuwa ameingia ndani ya nyumba yangu, akachukua jambo la aibu la mwanangu, akaligawa kanisani, na ndoa ya watu inakufa mbele ya macho yangu. Nikaapa nitamjua. Na mtu wa kwanza niliyemfikiria unamjua tayari.

Nilimwuliza mkwe taratibu kama aliandika habari zile kwenye daftari. Akasema hapana. Sikumwamini. Siyo kwamba alikuwa mwongo, ila mtu aliyezoea kuandika kila kitu huwezi kumwamini kwamba hili hakuliandika. Alhamisi, alipokwenda kazini, niliingia chumbani kwao. Nilijiambia naingia kuchukua mapazia nifue. Mapazia nilikuwa nimeyafua wiki iliyopita.

Daftari lilikuwa chini ya godoro upande wake. Nikalisoma nimesimama, sikio moja mlangoni. Kuhusu ugonjwa hakukuwa na neno hata moja. Kulikuwa na mambo ya kliniki, uchovu, mgonjwa aliyemng'ata daktari. Halafu nikakuta mahali ameandika: "Leo nimegundua kwamba namwogopa mama. Si kwa sababu ni mbaya. Ni mwema, lakini ndani yake hakuna chumba chenye mlango." Nikasoma mara tatu. Mimi! Mimi niliyemwachia kitanda changu cha harusi! Nikasema haya si maneno ya huyu mtoto, haya ni ya yule wa viatu vyeupe. Nikafunua kurasa nyingine kwa haraka, na karibu na mwisho nikaona ukurasa umechanwa. Umechanwa vizuri, kwa rula.

Huo ndio ukurasa wenyewe, nikasema. Sasa uko kwa nani?

Mchana huohuo nilikuwa ofisini kwa Mchungaji, bado nina nyuzi kwenye gauni. Nikamwambia Kocha wake anakusanya siri za watu kwa kisingizio cha nafsi, kisha zinatoka. Nikamwambia habari ya ukurasa. Kuhusu jinsi nilivyouona, nilipita haraka. Mchungaji alishika shavu. Akasema atalisimamisha darasa kwa muda, lakini hawezi kumfukuza mtu kwa ukurasa ambao haupo, nimletee ushahidi. Nikamwambia ataupata.

Nilikuwa na mtu wa pili pia, maana mimi sionei. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, huja kila siku kunywa chai dukani kwangu. Siku ile mkwe ananieleza, huenda wifi alikuwa nyuma ya pazia la kupimia nguo. Sikumwona, lakini kutomwona si hoja. Wifi yangu anaweza kuwa popote. Na domo lake unaweza kuliacha stendi likaita abiria.

Kwa hiyo nikatega mitego miwili. Niliipanga kama ninavyopanga vipande kabla ya kukata, kila kimoja na alama yake. Kwa wifi nikavujisha, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wale wawili wameamua kuchukua mtoto wa kulea. Uongo mtupu. Kwa Kocha nikaenda na uongo mwingine. Nilimkuta peke yake ukumbini anakunja viti, darasa lake limesimamishwa na amekonda kidogo. Nikajifanya nimekuja kupatana. Nikamwambia mwanangu na mkewe wanakwenda kwa daktari mmoja mwanamke, ng'ambo ya daraja. Uongo wa kwanza ukirudi, mbaya wangu ni wifi. Wa pili ukirudi, ni Kocha. Hesabu rahisi.

Kocha alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mama, mwenyewe anajua kwamba unaniambia haya?"

Niliona ujasiri gani huo. Nikamjibu kwamba mimi ni mzazi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja viti. Safari hii hakuandika kitu, nami nikaliona hilo pia. Nikasema kumbe anajua lipi la kuandika na lipi la kuficha.

Nikasubiri. Siku tano, saba, tisa. Nyumbani hali ilikuwa ya kufa na kupona. Mwanangu anakula amesimama, anajibu kwa neno moja. Mkwe anatandika kochi kila asubuhi kana kwamba hakuna aliyelalia. Aliyabeba yote peke yake, wala hakuja kwangu kulia hata siku moja. Hilo lilinitia mashaka naye pia, nikaanza kujiuliza kama hana mtu mwingine wa kumlilia. Huko ndiko shuku zilikonifikisha. Sehemu pekee ambayo sikumshuku mtu ni kwenye maombi ya Ijumaa mchana, pale ukumbini, wanawake kumi au kumi na wawili tumepiga magoti kuzunguka meza ndogo, simu ya Katibu wa Maombi juu ya meza ikirekodi kwa ajili ya walio kazini. Pale nililia nikajimwaga mbele za Mungu. Nisingekuwa na pale ningepasuka.

Mitego haikunasa kitu. Hakuna aliyenipa pole ya mtoto wa kulea. Hakuna aliyemtaja daktari wa ng'ambo ya daraja. Wifi yangu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa amefunga mdomo. Nilimuudhikia kweli.

Siku ya kumi, Katibu wa Maombi alipita dukani kuchukua sketi ya mjukuu wake. Huyu ni mwanamke mzuri, muuguzi mstaafu, hana makuu wala maneno mengi. Nilikuwa napiga pasi marinda. Akaikagua sketi, akaikunja, kisha akanishika bega. Akasema wanaendelea kumbeba mwanangu, na hasa wanaombea zile dawa za alfajiri zisimtapishe tena, na yeye mwenyewe anaamka saa kumi na moja kila siku kwa ajili hiyo.

Niliiweka pasi pembeni. Dawa za kumtapisha hazikuwa kwenye mtego wowote. Hilo lilikuwa jambo la kweli, na duniani tulilijua watu watatu. Nikahisi sasa nimemkamata mtu. Nilimshika mkono, na nadhani nilimshika kwa nguvu.

"Nani amekwambia?"

Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyesahau siku.

"Si wewe mwenyewe?" akasema. "Kwenye maombi."

Nikamwambia mimi sijamwambia mtu yeyote. Nikamwambia naweza kuapa. Hakubishana. Alitoa simu, akafungua kundi letu la maombi, akatafuta kwa kidole mpaka akafika Ijumaa moja ya mwanzoni, kabla hata ya yule mzee kumshika mwanangu mkono. Akabonyeza, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

Ilikuwa sauti yangu. Dakika kumi na moja. Bwana, unamjua mwanangu kitindamimba. Bwana, wewe unajua kwamba shida haiko kwa mkwe wangu, iko kwa huyu kijana wako. Unaviona vidonge, Bwana. Unaliona bomba analofungua alfajiri ili mama yake asisikie. Ulimwona kwenye ngazi za hospitali, Bwana, ulimwona na mkoba wake. Nyuma yangu wanawake wanaitikia ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Nikamuuliza Katibu kundi lina watu wangapi. Akasema sitini na watatu, na wengine wamewatumia waombaji wa matawi mengine, kwa upendo tu. Aliniuliza kama amekosea kurekodi. Nikamwambia hapana, hajakosea. Akachukua sketi, akaenda.

Nataka mnielewe. Sikuwa nimesahau kuomba, nilikumbuka vizuri kwamba niliomba. Ila katika akili yangu pale nilikuwa nasema na Mungu, na ukisema na Mungu hujamwambia mtu. Niliapa kutosema, na kwa hesabu zangu sikusema.

Nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, nikaisikiliza tena kwenye simu yangu. Nilikuwa nayo siku zote, haijafunguliwa. Nani hufungua maombi yake mwenyewe? Mara ya pili nikasikia kitu kilichonitia baridi. Nilikuwa nalia, ndiyo, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini kila nikifika kwenye jambo zito nilikuwa natua kidogo, nasubiri wale wanawake waitikie, na wakiitikia sauti yangu inapanda. Pale kwenye ngazi za hospitali nilirudia mara mbili. Nilikuwa naona utamu. Mwanangu analia kwenye ngazi, nami nimepata watu wa kunionea huruma, na nikaona utamu. Wifi yangu akinong'ona huwa najua anafurahia, uso wake unamsaliti. Mimi nilikuwa nimefumba macho, ndiyo maana sikujiona.

Na nikaelewa lile jicho. Siku ile mwanangu amesimama na funguo, mkewe aliponitazama mara moja, hakuwa ananiomba nisimchome. Alishajua. Yeye alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake. Alinitazama kuona kama nitasema. Niliponyamaza, akainamisha kichwa, akaamua kubeba lawama mwenyewe kuliko kumwambia mume wake kwamba ni mama yako. Siku kumi na kitu amekuwa akitandika lile kochi huku akinisubiri, na mimi namchokora daftari.

Sasa nisijifanye malaika. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba hakuna anayejua ila mkwe, naye hasemi. Katibu hakuunganisha mambo. Kocha ameshaangukiwa na lawama na hana mke wa kumwaibikia. Ningeweza kuifuta ile sauti kwenye simu yangu, nikamwacha kijana aende zake na viatu vyake, nikaendelea kuwa mama mwema. Nilikaa na wazo hilo kama saa nzima, nikalipapasa. Nilichokosa ni namna ya kukaa na yule binti meza moja.

Saa kumi na mbili jioni walikuwa wote nyumbani. Nikawaomba wakae. Mwanangu akasema yuko sawa kusimama. Nikamwambia kaa, baba, na kitu katika sauti yangu kikamkalisha. Sikutoa hotuba. Niliweka simu katikati ya meza na nikabonyeza.

Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Mkwe alitazama mikono yake. Mwanangu alitazama simu. Ilipofika kwenye bomba la maji, akanyoosha mkono akaizima.

"Nilidhani husikii," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa iwe hasira, nimezoea. Nikamwambia kwamba kweli sikuwahi kusikia, nililijua kwa kuambiwa, na aliyeniambia aliniambia kwa sababu mimi nilimsumbua mwaka mzima mpaka akakosa pa kukimbilia. Nikasema nilimwapia kutosema. Nikasema nililala chumba cha pili huku mumewe akilala kwenye kochi, nikanyamaza, nikawashuku watu wote isipokuwa mimi. Nikaungama hata daftari. Hapo mkwe akainua uso. Nilimuuliza kuhusu ule ukurasa uliochanwa, maana bado ulikuwa unaniwasha. Akasema aliuchana kuandikia orodha ya vifungo na uzi, siku niliyomtuma mimi.

Mwanangu akamgeukia mkewe. Akamuuliza, ulimwambia mama tu? Akajibu, mama tu. Kisha mwanangu akainuka, akachukua mto kwenye kochi, akachukua na shuka, akavipeleka chumbani. Mkewe akamfuata. Mlango ukafungwa, nami nikabaki na simu yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa Mchungaji, nikamwambia ushahidi nimeupata na ni mimi. Alinihurumia kiasi cha kuniudhi. Nikamtafuta Kocha, nikamwomba radhi ana kwa ana, kwa uongo wangu na kwa darasa lake. Wifi naye nilimwambia habari ya mtoto wa kulea si ya kweli. Akanishangaa, akasema alidhani ni siri, ndiyo maana hakumwambia mtu. Kocha yeye aliniuliza najisikiaje. Nikamwambia vibaya. Akasema huo ni mwanzo mzuri, na Mungu anisamehe, mkono uliniwasha nimpige kibao.

Uhamisho mwanangu hakuufuta. Ila walikwenda wawili. Mwisho wa mwezi gari likaja, likapakia kitanda changu cha harusi, maana nilisisitiza wakichukue. Mwanangu alinikumbatia, kwa ufupi. Mkwe alibaki nyuma, akaja mpaka kwenye cherehani nilipokuwa nimejificha na kazi. Akanishika mikono yote miwili na kunitazama usoni kama kawaida yake.

"Mama, nina ombi moja tu. Usituombee."

Angeniambia nisiwapigie simu ningeelewa. Angeniambia nisiwatembelee ningekubali. Mimi mtu wa maombi tangu nikiwa msichana, wanangu wote wamekua juu ya magoti yangu. Nikamuuliza mpaka lini. Akafikiri, maana hasemi ovyo, akaniambia mpaka watakaponiomba. Akapanda gari.

Ijumaa nilikwenda ukumbini. Tukapiga magoti, simu juu ya meza, na Katibu akapita akiuliza mahitaji, mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikasema sina hitaji. Wanawake wakafumbua macho. Waliniangalia, wakaangaliana, na nilijua kabisa wanachofikiri: huyu amehamwa na mwanawe na mkwewe wiki hii, anawezaje kukosa hitaji, anaficha nini? Namna hiyo ya kutazama naijua vizuri, niliifanya mwezi mzima. Nikafumba macho yangu wakaendelea bila mimi.

Nilirudi dukani mapema. Nikapiga magoti kati ya meza na cherehani, sakafu imejaa vipande vya kitambaa cha bluu. Jina la mwanangu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nikalimeza. La mkwe likafuata, nikalimeza nalo. Nilijaribu kuanza mara mbili na nikaona kila sentensi ninayoijua huanza na mtu mwingine. Mwisho nikasema, Bwana, ni mimi. Nikaishia hapo, kwa kuwa sikuwa na habari nyingine ya kumpa.